Barua ya Wazi kwa Waundaji wa Magari ya Umeme ya Kasi: Gari Tulilolinunua Liwe Letu

Mombasa, Kenya

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, Mkurugenzi Mkuu na Mhandisi Mkuu wa kampuni iliyounda gari letu. Na kupitia kwenu, kwa viongozi wa kampuni zote zinazouza magari ya umeme yenye nguvu kubwa.

Waheshimiwa,

MINTARAFU: VIPURI VINAVYOKATALIWA, NGUVU INAYOFUNGWA NA HAKI ZA MMILIKI WA PILI

Ninawaandikia hadharani kwa sababu nimekwisha kuwaandikia faraghani mara nne katika muda wa miezi saba, nikajibiwa mara moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa limeandikwa na mashine: kwamba ujumbe wangu ni muhimu kwenu na kwamba nitahudumiwa na wakala wenu wa karibu. Wakala wa karibu nilikuwa nimemwendea kabla sijaandika barua ya kwanza, naye akaniambia, kwa adabu, kwamba gari ambalo hakuliuza yeye hana ruhusa ya kuligusa. Jina la kampuni yenu nimeliacha nje ya barua hii kwa makusudi. Ninyi mnajijua, nambari ya chesisi mnayo, na mengi nitakayoyaeleza yanawahusu wenzenu pia.

Mimi ni fundi wa magari. Gereji ninayoiendesha pamoja na mdogo wangu imekuwapo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sehemu kubwa ya maisha hayo tumeyamaliza tukifungua na kufunga injini za Subaru zenye turbo, kwa kuwa hilo ndilo gari ambalo vijana wa nchi hii wamelipenda kupita yote. Magari ya umeme yalipoanza kuingia tuliamua kutosubiri yatukute hatujui kitu. Tulisomea kazi ya umeme wa volti kubwa, tukanunua glavu, mita na vifaa vilivyokingwa, kisha tukaunganisha akiba zetu na kuagiza kutoka Uingereza gari lenu, lililokwisha kutumika miaka mitatu, la usukani wa kulia, lenye mota mbili na kilowati zaidi ya 400.

Niseme mapema jambo ambalo huenda hamlitarajii kutoka kwa mlalamikaji: gari hili tunalipenda. Siku lilipotoka bandarini Kilindini na kuingia uani kwetu, vijana walilizunguka simu mikononi, lakini aliyenivutia zaidi ni mzee mmoja ambaye alihudumia magari ya Safari Rally tangu zama zile ambapo mashindano yalipita maelfu ya kilomita. Alikuja na neno lake moja tayari, kwamba gari lisilonguruma halina roho. Tukampeleka kwenye barabara iliyofungwa kwa ajili ya mashindano ya kukimbia dhidi ya saa, akakaa kiti cha abiria, mdogo wangu akakanyaga. Mzee hakusema kitu mpaka gari liliposimama. Alishuka, akainama karibu na gurudumu la mbele, akasogeza kiganja pole pole kuelekea diski ya breki, kama afanyavyo fundi aliyewahi kuungua. Diski ilikuwa na joto dogo tu. Tukamweleza kwamba kazi kubwa ya kupunguza mwendo ilifanywa na mota zenyewe, ambazo hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Mtu aliyewahi kushuka mteremko mkali wa Mai Mahiu akiwa na breki zinazofuka moshi anajua maana ya jambo hilo. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaomba tuzunguke tena.

Wala hatukulipenda kwa ushabiki wa kitu kipya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Limuru iko juu zaidi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mota ya umeme haivuti hewa ili iwake. Ndiyo maana mwaka 2018, kule Pikes Peak, Marekani, ambako mashindano humalizikia mita 4,302 juu ya usawa wa bahari, Romain Dumas aliupanda mlima kwa gari la umeme la Volkswagen, ID.R, kwa dakika 7 na sekunde 57.148, muda ambao hakuna gari lolote lililotangulia, la petroli wala la umeme, lililokuwa limeufikia. Sisi tunaoishi kati ya bahari na nyanda za juu tulipaswa kuwa wateja wenu wa kwanza kuwaelewa.

Na mnajua vizuri kwamba wapenzi wa magari husikiliza wanaposikilizwa. Hyundai ilipoonyesha Ioniq 5 N huko Goodwood, Uingereza, Julai 2023, wengi wetu tulilitazama kwa shaka: gari la familia lenye uzito wa takriban tani 2.2, likitajwa kuwa na nguvu farasi 641. Lakini wahandisi wake walikuwa wamekaa na watu wanaopenda kuendesha. Waliweka programu inayoiga gia nane, inayomfanya dereva ahisi mkato wa nguvu kila anapobadilisha, pamoja na sauti inayopanda na kushuka kulingana na mwendo, na asiyetaka anaizima. Waliongeza mfumo wa kupoza betri ili gari listahimili kukimbizwa mfululizo uwanjani. Mwaka 2024 likatunukiwa tuzo ya Gari Bora la Kasi Duniani. Nimewasikia watu walioapa kutogusa umeme maisha yao yote wakilizungumzia gari hilo kwa sauti ya upole. Hivyo, tafadhali, msipokee barua hii kama ya mtu anayelilia moshi wa petroli. Ninalalamika kwa sababu kitu kizuri kinaharibiwa na kufuli ambazo hazikuwa za lazima.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kipuri halali kukataliwa na gari. Mwezi wa tano tangu tulipolipata, pampu ndogo inayozungusha maji ya kupoza betri ilianza kuvuja kwenye maungio yake. Ni kitu cha kushika kwa mkono mmoja. Tuliagiza mpya kutoka Uingereza, ya kampuni yenu, katika boksi lenye nembo na lakiri yenu. Kazi tuliifanya kama inavyotakiwa. Gari lilizimwa, betri ya volti 12 ikakatwa, plagi ya kukatia umeme mkubwa ikachomolewa na kutiwa mfukoni mwa mdogo wangu ili asiwepo mtu wa kuirudisha kwa bahati mbaya, tukangoja muda ulioandikwa, kisha nikavaa glavu za mpira za kustahimili volti 1,000 na juu yake glavu za ngozi, nikapima kwenye ncha za nyaya za rangi ya chungwa, zile zinazobeba umeme mkubwa, hadi mita iliposoma sifuri. Pampu ikaingia, maji yakajazwa, hewa ikatolewa. Tulipowasha, skrini iliandika kwamba kifaa hakijathibitishwa, na gari likajifunga lisizidi kilomita 40 kwa saa.

Pampu ilikuwa ikifanya kazi. Ukishika paipu ya maji uliusikia mtetemo wake, na skana yetu ilionyesha kwamba betri ina joto la digrii 31, pungufu ya joto la hewa ya Mombasa mchana ule. Kilichokosekana ni idhini tu: msimbo unaotoka kwenye seva yenu, ambao fundi wa wakala huuingiza kwa dakika chache, na ambao mimi siwezi kuununua, kuukodi wala kuuomba nikapewa. Wakala alitudokezea kwamba wakati mwingine kufuli hujiondoa gari likiendeshwa kilomita 30 mfululizo, kwa hiyo tukashika njia ya kwenda Mariakani. Kwenye mwinuko wa Mazeras gari lenye uwezo wa kufika kilomita 100 kwa saa kabla hujamaliza kuhesabu hadi nne lilipitwa na lori la mafuta lililojaa, taa za tahadhari zikiwaka, nami nikiwa nimejibana ukingoni mwa barabara nikimwomba Mungu tusigongwe kwa nyuma. Kufuli halikujiondoa. Waheshimiwa, mnasema kufuli hili lipo kwa ajili ya usalama, na siku ile ndilo lililotutia hatarini.

2. Nguvu inayouzwa, kisha ikachukuliwa au kukodishwa. Hapa sisemi juu ya gari letu peke yake, kwa maana jambo hili limekuwa desturi inayoenea na wapenzi wa magari duniani kote wamelipinga waziwazi. Mwaka 2022 Mercedes-Benz ilitangaza Marekani ada ya dola 1,200 kwa mwaka kwa wamiliki wa baadhi ya magari yake ya umeme ya EQ waliotaka gari lichomoke haraka zaidi, ilhali mota na betri za kufanya hivyo walikwisha kuzilipia na wanazibeba kila siku. Mei 2025 ikawa zamu ya Xiaomi, kampuni ya China. Gari lake la SU7 Ultra lilikuwa limeingia sokoni China miezi michache tu kabla, kwa yuani 529,900, likitangazwa kuwa na nguvu farasi 1,548, na watu walilinunua kwa sababu ya tarakimu hiyo. Kisha likaja sasisho la programu lililopunguza nguvu hadi takriban 900, na mwenye kutaka zilizobaki akatakiwa kwanza aonyeshe muda wa kuridhisha katika uwanja wa mbio. Wamiliki walikuja juu, na kampuni ikaliondoa sasisho hilo. Katika mwezi huo huo wamiliki wa gari lile lile waligundua kwamba boneti ya nyuzi za kaboni yenye matundu mawili, waliyoilipia yuani 42,000 wakiamini matundu yanaongoza hewa, haikufanya kazi waliyoitarajia. Kampuni iliomba radhi.

Nitakuwa mkweli kwenu. Hofu iliyowafanya Xiaomi wapunguze nguvu naielewa. Nimetoa watu kwenye magari yaliyopinduka, na sitamkabidhi kijana wa miaka ishirini ufunguo wa nguvu farasi 1,548 wakati mvua inanyesha. Lakini sharti la namna hiyo huwekwa mezani kabla ya fedha kutolewa, likaandikwa katika mkataba, mnunuzi akakubali au akaenda zake. Linapokuja usiku kupitia intaneti, mtu akiwa amelala na gari likiwa limeegeshwa kwake, huwezi kulitofautisha na kumchukulia mtu mali yake. BMW ilipoona wateja wamekasirishwa na ada ya kila mwezi ya joto la viti, iliiacha mwaka 2023. Kurudi nyuma kunawezekana, na hakukuivunjia heshima kampuni hiyo.

3. Mmiliki wa pili kuhesabiwa kama mwizi. Gari letu liliponunuliwa Uingereza lilikuwa na hali ya mwendo wa mashindano, ambayo mmiliki wa kwanza aliilipia pamoja na gari na ambayo ilitajwa katika tangazo la mauzo. Lilipofika Mombasa, hali hiyo ilikuwa imetoweka kwenye skrini. Akaunti ilikuwa bado kwa jina la mmiliki wa kwanza. Yeye, kwa uungwana wake, aliifuta kama alivyoelekezwa na huduma yenu kwa wateja. Na sisi tulipojaribu kufungua yetu tuliambiwa kwamba nchi yetu haimo katika orodha. Kenya si kwamba inakataliwa. Haimo tu, kama vile hakuna watu.

Ningependa mlielewe hili kwa kina, maana nadhani hakuna aliyewahi kuwaeleza. Katika nchi yetu, magari mengi mno yanayosajiliwa kwa mara ya kwanza ni yale yaliyokwisha kutumika Japani au Uingereza, yenye usukani wa kulia na yasiyozidi miaka minane tangu kuundwa, kama sheria inavyotaka. Mmiliki wa pili ndiye mmiliki wa kawaida hapa, na wa tatu, na wa nne. Mapenzi yetu ya magari ya kasi yalizaliwa katika mitumba. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa Kenya, pamoja na nduguye Jaswant, walishinda Safari kwa Volvo PV544. Gari hilo halikutoka kiwandani kwa ajili yao. Lilikuwa limekwisha kukimbizwa na timu ya Volvo katika Safari ya mwaka uliotangulia. Ndugu hao wakalinunua, wakalifungua, wakalirekebisha kwa mikono yao na kuwapita waliokuja na magari mapya. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, na mpaka leo mzee niliyemtaja hapo juu akilitamka jina lake husimama wima. Nimejiuliza mara nyingi, nikiwa nimekaa ndani ya gari lenu lililofungwa, kama ile Volvo ingeondoka Nairobi iwapo pampu yake ya maji ingehitaji kwanza kibali cha kiwandani Sweden.

4. Kunyimwa habari za betri yetu wenyewe. Gari linapokimbizwa hupata joto, na likipata joto hupunguza nguvu ili kuilinda betri. Hilo ni haki na ni hekima ya uhandisi. Kinachotukera ni kwamba skrini haisemi joto ni digrii ngapi, nguvu imepunguzwa kwa kiasi gani, wala betri imebakiwa na sehemu gani ya uwezo wake wa awali, ilhali kompyuta ya gari inayajua yote na kuyatuma kwenu. Katika hewa ya Mombasa, dereva anahitaji tarakimu hizo kuliko dereva wa Oslo.

Najua majibu mtakayotoa, kwa kuwa mengine nimekwisha kuyasoma katika taarifa zenu kwa umma.

Mtasema kwamba umeme wa volti 800 unaua, na fundi asiyefunzwa hapaswi kuugusa. Ni kweli, unaua. Basi wekeni mtihani, nami nitakuja kuufanya kwa gharama yangu, mahali popote mtakapopanga. Lakini msitumie hatari ya nyaya za chungwa kufungia pampu ya maji ya volti 12, na msisahau kwamba fundi aliyenyimwa maelekezo haachi kazi. Ataifanya gizani, kwa kubahatisha, kwa kuwa mteja amesimama mlangoni na gari limeziba njia. Kumnyima maarifa mtu huyo ndiko kutakakomuua.

Mtasema kwamba kuoanisha vipuri na gari kunazuia wizi. Ninaishi mahali ambapo vioo vya pembeni huibwa gari likiwa kwenye foleni, kwa hiyo hoja hii naiheshimu. Ila mwizi hana hati ya usajili, wala risiti, wala boksi lenye lakiri, wala namna ya kuthibitisha kwamba pampu ya zamani imo mikononi mwake. Mimi ninavyo vyote, na picha zake mnazo katika barua yangu ya pili. Kufuli ambalo haliwezi kumtambua mwenye nyumba linahitaji kurekebishwa.

Mtasema kwamba Kenya si soko lenu rasmi. Hatukuwaomba dhamana, wala hatukudai mtufungulie ofisi. Tunaomba huduma ya kulipia, ambayo mnaitoa tayari kwa wengine. Katika Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 2018/858 inawalazimu waundaji kuwapa mafundi huru taarifa za uchunguzi na ukarabati wa magari. Huko Massachusetts, Marekani, wananchi walipiga kura mwaka 2012 na tena mwaka 2020 kuidhinisha haki hiyo hiyo. Kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme zitakazoingia soko la Ulaya zitatakiwa kuwa na pasipoti ya kidijitali yenye taarifa zake. Kwa hiyo mitambo mnayo, lango la mtandaoni la mafundi mnalo, bei mmekwisha kuipanga. Fundi wa Hamburg mwenye gereji ndogo kama yangu anaingia, analipa kwa saa, anapata msimbo, anaendelea na kazi. Mimi nikiingiza anwani ya Mombasa, ukurasa unafunga. Tofauti baina yetu wawili si elimu wala fedha.

Na huenda mtu mmoja kati yenu atasema kwamba watu wanaopiga kelele ni wachache, na mnunuzi wa kawaida hajali. Hao wachache ndio wanaoulizwa na wengine kabla hawajanunua. Katika mtaa wetu watu hawasomi matangazo yenu, humuuliza fundi. Katika miezi hii saba nimeulizwa na watu wengi kama wanunue gari la umeme. Kenya huzalisha karibu tisa ya kumi ya umeme wake kutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, na tangu mwaka 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, kwa hiyo kwa haki nilipaswa kuwajibu kwa haraka kwamba wanunue. Nimelazimika kuwaonyesha gari lililo uani kwangu na kuwaambia wangoje.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, ninaomba mambo manne, na ninayaomba kwa uzito wote.

La kwanza, tufungulieni mafundi wa nchi ambazo hamna mawakala lile lango mlilokwisha kuwafungulia mafundi huru wa Ulaya, kwa ada ile ile na kwa masharti yale yale ya mafunzo na utambulisho.

La pili, wekeni utaratibu wa kumhamishia mmiliki mpya gari lake pamoja na kila kilicholipiwa ndani yake, popote alipo duniani, kwa kuthibitisha hati ya usajili na uuzaji. Kilichouzwa pamoja na gari kiondoke pamoja na gari.

La tatu, ahidini kwa maandishi kwamba hakuna sasisho la programu litakalopunguza nguvu, umbali au kazi yoyote ya gari bila mmiliki kuelezwa kwa lugha anayoielewa na kuridhia, isipokuwa pale penye hatari ya moto au ajali, na hapo pia aelezwe sababu na muda.

La nne, tuonyesheni joto la betri, kiwango cha nguvu kilichopunguzwa na afya ya betri, ndani ya gari lenyewe, bila akaunti na bila intaneti.

Ninatambua kwamba la kwanza na la pili yanahitaji wanasheria na muda, nami sitarajii yafanyike kesho. Ninaomba mnijibu katika siku 60, kwa jina la mtu na saini yake, mkisema ni lipi mtalifanya na lipi hamtalifanya. Jibu la kukataa lenye sababu nitalipokea kwa heshima na kulichapisha kama lilivyo. Nakala ya barua hii nawapelekea wapenzi wa magari na mafundi wenzangu wa Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Kampala, ambao baadhi yao wana magari ya chapa nyingine yaliyosimama kwa sababu zinazofanana na zangu, ili nao waambatanishe ya kwao.

Wakati huo huo, kuna jambo ambalo haliwahitaji wanasheria. Gari liko uani chini ya turubai, na betri yake tunaitunza kwenye asilimia 60 kama kitabu chenu kinavyoelekeza kwa gari linalokaa. Kila Jumamosi asubuhi mdogo wangu hulifunua, hulipangusa vumbi na chumvi ya baharini, huliwasha, husikiliza pampu ikizunguka, kisha husoma skrini kuona kama maneno yamebadilika. Nambari ya chesisi na nambari ya pampu nimeziandika katika barua zote nne. Tutumieni msimbo huo mmoja.

Wenu mwaminifu,

Fundi na mmiliki, kwa niaba yangu na ya mdogo wangu,
Mombasa